Pua Yenye Nyuzi 400

"Mwalimu, gesi!"

Jirani yangu hakubisha hodi siku hiyo. Aliingia moja kwa moja hadi jikoni, akafunga mtungi, akafungua mlango wa nyuma na madirisha yote mawili, kisha akanitazama kama mtu aliyemkuta mwenzake amelala katikati ya barabara. Mpira wa gesi ulikuwa umelegea pale unapoingilia kwenye meko. Yeye aliisikia harufu akiwa nje, anaanika nguo. Mimi nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka kwenye mtungi, nasahihisha madaftari, na sikusikia chochote.

Ulikuwa mwaka 2021, wiki mbili baada ya kupona Korona. Homa ilikuwa imeisha na kifua kimetulia. Pua haikuwa imeziba. Hewa ilipita vizuri kabisa, ila harufu hazikupita nayo. Nimefundisha kemia hapa Kisumu kwa miaka mingi, na kila mwaka huwaonya wanafunzi wasichomeke pua kwenye chupa, wapunge mvuke kwa mkono taratibu. Lakini sikuwahi kukaa nikajiuliza ni kitu gani hasa kinachofanyika mvuke ule ukishaingia. Siku ile, baada ya jirani kurudi kwenye nguo zake, nilianza kujiuliza, na tangu hapo sijaacha.

Nianze na gesi yenyewe. Propani na butani, ambazo ndizo zinazojaza mitungi yetu, hazina harufu. Kile kinachonuka kama kabichi iliyooza ni merkaptani, kemikali yenye salfa ambayo huongezwa makusudi kwa kiasi kidogo sana. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya jengo la shule pasipo mtu kujua. Cheche moja ikatosha. Karibu watu 300 walikufa, wengi wao watoto. Baada ya msiba huo sheria ikalazimisha gesi itiwe harufu, na dunia ikafuata. Kwa hiyo mtu anayesikia gesi ikivuja jikoni kwake leo, awe Nyalenda au Mamboleo, anasikia onyo lililowekwa kwa sababu ya watoto wale.

Nimesema "anasikia". Kiswahili kinanifurahisha hapa. Hatusemi kwamba pua inafanya kazi yake kivyake. Tunasema tunasikia harufu, kwa kitenzi kilekile cha sikio. Wajaluo nao husema *winjo*, neno la kusikia sauti, wanapozungumzia harufu. Nadhani lugha zetu ziligusa jambo la kweli, kwa sababu utaratibu wa pua unafanana na muziki zaidi kuliko unavyofanana na picha.

Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kuna kipande cha utando kisichozidi sentimita chache za mraba. Kimejaa seli za neva, na ncha za seli hizo zinaelea katika ute, zimekaribia kabisa kugusana na hewa ya nje. Hakuna mahali pengine mwilini ambapo neva za ubongo zimejitokeza wazi namna hiyo. Kwa sababu ya hatari hiyo huchakaa, na mwili huziunda upya baada ya kila wiki kadhaa. Kwenye ncha hizo kuna vipokezi, yaani protini zenye maumbo yanayonasa molekuli fulani na kuacha nyingine zipite.

Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel, wakifanya kazi New York, walichapisha ugunduzi wa familia kubwa ya jeni zinazounda vipokezi hivyo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Panya ana aina zipatazo 1,000. Binadamu anazo takriban 400 zinazofanya kazi. Watu wengi wakisikia tarakimu hiyo hudhani basi tunaweza kutambua harufu 400 tu. Sivyo, na hapa ndipo nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, inaponisaidia darasani. Nyatiti ina nyuzi nane. Je, kuna nyimbo nane tu za nyatiti? Molekuli moja ya harufu hugusa vipokezi kadhaa kwa pamoja, vingine kwa nguvu na vingine kwa wepesi, na ubongo unasoma mchanganyiko mzima. Kahawa peke yake hutoa mamia ya molekuli tofauti. Tia hesabu ya nyuzi 400 kwa michanganyiko yake yote, utaona kwamba hatuna upungufu wa nyimbo.

Wazo kwamba binadamu ana pua dhaifu lilitoka Ulaya katika karne ya 19. Daktari Mfaransa Paul Broca aliona kwamba sehemu ya ubongo inayopokea harufu ni ndogo kwetu ukilinganisha na ubongo mzima, akahitimisha kwamba hisi hiyo tumeiacha kwa wanyama. Hitimisho hilo likarudiwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2017 mtafiti John McGann aliandika katika jarida la Science kwamba ni hadithi tu. Kabla yake, kule Berkeley, California, watu walifungwa macho na kuzibwa masikio, wakavishwa glovu, wakaambiwa wapige magoti nyasini wafuate mstari wenye harufu ya chokoleti kwa pua tu. Theluthi mbili yao waliufuata mpaka mwisho.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu njia ya harufu ndani ya kichwa, nalo ndilo linaloeleza kwa nini harufu inaweza kumtoa mtu machozi. Habari kutoka machoni na masikioni hupitia kwanza kwenye thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, ndipo zisambazwe. Harufu haipiti huko kwanza. Inaingia karibu moja kwa moja katika amigdala, inayoshughulika na hisia kama hofu na furaha, na inakuwa jirani wa karibu wa hipokampasi, inayotunza kumbukumbu. Mimi nikisikia mafuta ya taa mahali popote, kabla sijajua ni mafuta ya taa, tayari niko kwenye meza ya mbao kwa nyanya yangu, koroboi inatoa moshi, na mtu ananiambia nisogeze daftari lisiungue. Jina la kile ninachonusa linafika baadaye, kumbukumbu ikiwa imeshafika.

Sasa twende nje, mvua inakuja.

Anayeishi Kisumu anajua mwendo wake. Asubuhi jua, mchana joto, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani, mawingu yanarundikana upande wa milima ya Nandi, na alasiri matone ya kwanza yanapiga mavumbi. Kisha inapanda harufu ile ambayo hata mtoto mdogo huitambua. Tunaiita harufu ya mvua, ingawa maji ya mvua hayana harufu. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa jina petrikori. Walionyesha kwamba sehemu yake ni mafuta yatokanayo na mimea, yanayojikusanya katika udongo na mawe wakati wa kiangazi. Sehemu nyingine, ile yenye utamu wa shamba lililolimwa, ni molekuli iitwayo jiosmini. Inaundwa na bakteria wa udongoni, hasa wa jamii ya Streptomyces.

Pua ya binadamu ni kali mno kwa jiosmini. Chukua bwawa lenye urefu wa kilomita moja, upana wa kilomita moja na kina cha mita moja. Tia kijiko kimoja cha chai cha jiosmini, koroga. Hata kiwango hicho kinaweza kusikika na watu wenye pua kali. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wachore bwawa hilo kwa mizani, na huwa kunatulia darasani.

Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walipiga picha za kasi kubwa za matone yakianguka juu ya udongo. Tone linapotua linanasa hewa iliyo ndani ya vitundu vya udongo, hewa hiyo inapanda kama mapovu ya soda, na mapovu yakipasuka yanarusha hewani chembe ndogo sana za maji zilizobeba kile kilichokuwa ardhini. Mvua nyepesi na ya wastani hufanya kazi hiyo vizuri kuliko mvua ya mafuriko. Ndiyo maana harufu huwa kali wakati wa rasharasha, kisha inapotea mvua inapokolea. Na kwa nini bakteria wahangaike kutengeneza harufu? Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kuna wadudu wadogo sana wa udongoni, wenye kuruka kama viroboto, wanaovutwa na jiosmini. Wanakuja kula bakteria hao, wanaondoka wamebeba mbegu zao mwilini na kuzisambaza. Harufu tunayoipenda ilikuwa mwaliko wa mtu mwingine. Sisi tumeudaka tu njiani.

Molekuli hiyohiyo, ukiipata kwenye samaki, unamrudisha samaki. Ngege wa kufugwa mabwawani wakati mwingine huwa na ladha ya tope, na tope hilo ni jiosmini iliyotengenezwa na bakteria wa majini na kuingia katika mafuta ya samaki. Wafugaji wanaojua kazi huwahamishia samaki kwenye maji safi kwa siku kadhaa kabla ya kuwauza. Bitiruti nayo inayo. Wanaoikataa kwa kusema inanuka udongo hawajakosea. Tunaisifu mvuani, tunaitukana sahanini, na kikemia hakuna kilichobadilika. Kadiri ninavyosoma zaidi ndivyo ninavyozidi kushawishika kwamba molekuli haibebi uzuri wala ubaya wowote. Anayeinusa ndiye anayeitia maana, kutokana na alivyoumbwa, alivyolelewa na alichotarajia dakika ile.

Kiswahili kimeshughulikia uzuri na ubaya huo kwa makini. Mara nyingi kinachonuka si kile kinachonukia, japo kitenzi ni kimoja na tofauti ni silabi moja. Tuna uvundo wa vitu vilivyooza na kukosa hewa, tuna kikwapa. Kwa samaki tuna shombo, neno zima kwa ajili ya harufu ya samaki peke yake, na tunalihitaji. Ukipita Obunga mchana utalisikia shombo kabla hujafika, pale wanapokaangwa mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu. Shombo hutokana kwa sehemu kubwa na amini, kemikali zinazozalishwa bakteria wanapoanza kuvunjavunja nyama ya samaki. Omena aliyekaa sana ana jambo la ziada: mafuta yake yanashambuliwa na oksijeni, na harufu inakuwa ya ukali unaokaa kooni. Akina mama wa soko la Kibuye hushika omena kiganjani, wakamnusa mara moja, wakajua kama alianikwa juani vizuri au alinyeshewa. Ni kipimo cha maabara, na hakihitaji umeme.

Amini ni besi, kinyume cha asidi. Ndimu ni asidi. Zikikutana, amini inageuka kuwa aina ya chumvi isiyopaa hewani, na kitu kisichopaa hakifiki puani. Asidi pia huivunja jiosmini, kwa hiyo ndimu moja juu ya ngege wa bwawani inafanya kazi mbili. Wapishi wa pwani na wa ziwani waliijua kanuni hii karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuandika mlinganyo wake ubaoni.

Kiasi nacho hubadili maana. Katika asumini, ua linalosokotwa nywelini na vikubani, mna indoli. Kemikali hiyo kwa wingi inapatikana katika kinyesi. Ikiwa kidogo ndani ya ua, ndiyo inayolipa ule uzito wa usiku. Wanaotengeneza manukato wanalijua hilo na huiongeza kwa uangalifu.

Halafu kuna isoamili asetati, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya harufu ya ndizi mbivu. Nyuki akiuma, hutoa molekuli hiyohiyo kuwaita wenzake vitani. Kwa hiyo ukiwa unafuga nyuki, usiende mzingani umetoka kula ndizi mbivu. Wewe unanukia kitafunio; wao wanasikia king'ora.

Watu wawili mezani pia hawanusi kitu kimoja. Nina mwenzangu wa kazini anayeondoa kila jani la dhania kwenye kachumbari, na kwa miaka tulimwona mtu wa kudeka. Anasema inanuka sabuni. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza jeni za maelfu ya watu waliona kwamba wanaosikia sabuni katika dhania mara nyingi wana tofauti ndogo karibu na jeni ya kipokezi kiitwacho OR6A2, kinachonasa kemikali za aina ya aldihaidi. Dhania ina aldihaidi hizo, na sabuni pia. Hakuwa anadeka. Pua yake ilikuwa inasema kweli, na yetu pia ilikuwa inasema kweli.

Pua ninayotaka kuisimulia kwa kirefu, hata hivyo, si ya binadamu.

Mbu jike wa Anopheles, anayebeba malaria, hunusa kwa vipapasio vya kichwani na vile vya mdomoni. Kutoka mbali anafuata kabonidioksaidi tunayotoa kwa pumzi. Akikaribia, anasoma ngozi: asidi ya laktiki ya jasho, amonia, na asidi za mafuta zinazotengenezwa na bakteria wanaoishi juu yetu. Katika miaka ya 1990 Mholanzi Bart Knols aliona kwamba mbu hao wa Afrika hupendelea kuuma miguu na vifundo vya mguu. Yeye na mwenzake Ruurd de Jong walijaribu jibini ya Limburger, yenye kunuka kama miguu iliyokaa ndani ya viatu, na mbu wakaifuata. Bakteria wanaoipa jibini hiyo harufu ni ndugu wa wale wanaokaa katikati ya vidole vyetu vya miguu.

Swali likawa: je, harufu ya mtu inaweza kutengenezwa, ikawekwa mahali pasipo na mtu? Jibu lilitafutwa hapa kwetu. Mbita, kaunti ya Homa Bay, kuna kituo cha icipe, shirika la utafiti wa wadudu lililoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na kituo hicho sasa kina jina lake. Ng'ambo yake tu kuna kisiwa cha Rusinga. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2015, katika mradi wa SolarMal, nyumba za Rusinga ziliwekewa paneli ya sola, taa, na mtego unaoning'inia nje ukiwa na feni ndogo. Ndani ya mtego kuliwekwa mchanganyiko wa kemikali chache: amonia, asidi ya laktiki na nyingine zinazoiga ngozi ya binadamu, pamoja na butanoni badala ya pumzi, kwa kuwa ni rahisi kuitumia kuliko kuzalisha kabonidioksaidi usiku kucha. Mbu alifuata harufu ya mtu, akakuta feni.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la tiba la The Lancet mwaka 2016. Palipokuwa na mitego, kiwango cha maambukizi ya malaria kilikuwa chini kwa 29.8%, na mbu wa aina ya Anopheles funestus walipungua kwa 69.2%. Neti na dawa ziliendelea kutumika. Mitego iliongezewa juu yake. Ninapowasimulia wanafunzi wangu habari hii huwa nasisitiza kwamba hakuna sumu iliyopuliziwa nyumba hizo kwa ajili ya mitego ile. Mdudu aliambiwa uongo kwa lugha yake mwenyewe.

Upo upande mwingine wa habari hii unaonitisha zaidi. Mwaka 2005 kilichapishwa kipimo kilichofanywa kwa watoto wa magharibi mwa Kenya. Watoto waliokuwa na vimelea vya malaria katika hatua ile inayoweza kuhamia kwa mbu walivuta mbu takriban mara mbili ya wengine. Walipotibiwa, tofauti ikatoweka. Utafiti wa baadaye, pia kwa watoto wa Kenya, ulikuta kwamba ngozi ya walioambukizwa hutoa aldihaidi fulani kwa wingi zaidi. Kimelea kinabadili harufu ya mtoto ili mbu amjie, wakati ule hasa ambao kimelea kinahitaji usafiri. Mzazi aliye kando ya kitanda hasikii chochote.

Mashambani nako mazungumzo hayo yanaendelea. Ukitoka Kisumu kwenda Siaya, Vihiga au Busia, utaona mashamba ya mahindi yenye mmea unaotambaa katikati ya mistari, na nyasi za nepia zimezungushwa ukingoni. Huo ni mtindo wa vuta-sukuma, uliobuniwa Mbita na Zeyaur Khan akishirikiana na wanasayansi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Adui ni nondo anayetaga mayai kwenye mahindi, na viwavi wake, bungua, wakatoboa mabua. Wazo ni kwamba mmea wa kati, desmodiamu, unatoa harufu ambayo nondo anaiona kama dalili ya shamba lililokwishashambuliwa, huku nepia ya ukingoni inamvutia. Anahama mwenyewe. Akishataga kwenye nepia, viwavi wengi hufa humo.

Kuhusu harufu ya desmodiamu kuna mabishano ya kweli sasa. Mwaka 2024 kundi moja la watafiti liliandika kwamba halikuona mmea huo ukitoa harufu za kutosha kumfukuza mdudu, na kwamba vinyweleo vyake vyenye ncha kama ndoano ndivyo vinavyowanasa na kuwaua viwavi. Wengine walipima mashambani wakazikuta harufu hizo. Mimi sioni aibu katika hili. Shamba lina mambo mengi kuliko maelezo ya kwanza. Faida ya pili ya desmodiamu haipingwi: inalizuia gugu la kayongo, linaloitwa kiduha kwa Kiswahili, ambalo hunyonya mizizi ya mahindi. Hata kayongo huongozwa na kemikali. Mbegu yake inaweza kulala udongoni miaka mingi, na huamka tu ikigusa kemikali inayotolewa na mzizi wa mmea wa kunyonywa. Mizizi ya desmodiamu huiamsha, kisha ikazuia isijishike popote, ikafa.

Narudi kwenye pua yangu. Wakati huo nilipokula, ugali ulikuwa joto, na samaki alikuwa chumvi. Ulimi wenyewe unajua mambo matano tu: tamu, chumvi, chungu, chachu, na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Kilichobaki cha kile tunachoita ladha ni harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani tunapotafuna. Bana pua, weka peremende ya matunda mdomoni, utapata sukari peke yake. Achia pua, tunda linatokea.

Kukosa chakula kitamu ni huzuni. Kukosa onyo ni hatari. Na yapo mazingira ambamo hata pua nzima haitoshi. Kwanza, pua huzoea. Ukikaa dakika kadhaa ndani ya harufu isiyobadilika, ubongo huipunguza ili ubaki tayari kwa mpya, na ndiyo sababu mgeni anasikia nyumba yako na wewe huisikii. Gesi ikivuja polepole, aliye ndani anaweza kuzoea. Pili, na hili naomba kila anayechimba au kunyonya choo alijue: haidrojeni salfaidi, gesi ya yai viza inayokaa mashimoni, kwa kiwango kikubwa huzima neva za harufu. Mtu anaingia shimoni anasikia uvundo mkali, kisha uvundo unatoweka, anadhani hewa imesafika. Kumbe gesi imezidi. Uvundo ukitoweka ghafla humo, huo ndio wakati wa kutoka. Na anayemfuata aliyeanguka bila kifaa cha kupumulia huanguka naye.

Kilichonipata mimi kilielezwa mwaka 2020. Virusi vya Korona havikuwa vikiingia katika neva za harufu zenyewe. Viliingia katika seli zinazozitegemeza, zile za jirani zinazozilisha na kusafisha ute. Jirani akianguka, neva inanyamaza. Kwa kuwa neva hizi huzaliwa upya, kuna tumaini, ila zikikua upya zinahitaji kujifunza tena kuungana na ubongo. Wakati huo harufu huja zimepotoka. Kwangu kahawa ilirudi ikiwa mpira unaoungua, na vitunguu vikikaangwa ilinibidi nitoke nje.

Tiba niliyoshauriwa ni mazoezi, yaliyofanyiwa utafiti na Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2009. Harufu nne, asubuhi na jioni, kwa wiki 12: waridi, ndimu, mikaratusi, karafuu. Unanusa kila moja kwa sekunde kadhaa, ukikumbuka kwa bidii ilivyokuwa. Karafuu nilinunua sokoni kwa shilingi chache, majani ya mikaratusi niliyachuma kando ya uzio wa shule, ndimu zilikuwepo jikoni. Waridi nilimwomba jirani yuleyule, ana kichaka kimoja karibu na tangi la maji.

Wiki ya tatu, hakuna. Wiki ya sita karafuu ikaanza kuuma puani, bila jina bado. Wiki ya nane, nikiwa nimesimama mlangoni asubuhi, nikasikia shombo. Jirani alikuwa ameanika omena juu ya gunia, upande wake wa ua. Nikamwita nikamwambia anawasha pua yangu, naye akacheka, akasema basi atanichotea bakuli.

Ndimu na mikaratusi zilifuata mwezi huo. Waridi mpaka leo nalisikia nusu: naupata ukijani wa majani, utamu wenyewe bado. Kopo la karafuu liko dirishani, na asubuhi naanza nalo.